Mwenge Bigere: Divai Yetu Iliyoitwa Pombe

Katika mwaka wetu wa kwanza wa kusoma Kiswahili hapa Kampala, mwalimu alituagiza kila mmoja alete neno moja kutoka lugha ya nyumbani linalofanana na neno la Kiswahili lakini lenye maana tofauti. Mimi nilileta neno mwenge. Kabla sijamaliza kuliandika ubaoni, mwenzetu kutoka Mwanza alinyosha mkono na kueleza kwa fahari habari za Mwenge wa Uhuru, uliowashwa juu ya Kilimanjaro wakati Tanganyika ilipopata uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961. Nikamwambia kwamba kwetu Buganda mwenge hauwashwi, unanywewa. Darasa zima likacheka.

Kwa Kiganda, mwenge ni kileo, na kileo chenyewe hasa ni kile kitokanacho na maji ya ndizi mbivu. Jina lake kamili ni mwenge bigere, yaani mwenge wa miguu, kwa sababu ndizi zake hukanyagwa. Watu wa magharibi ya Uganda huuita tonto, na jina hilo sasa limeenea hata Kampala. Rafiki yetu mmoja kutoka Bukoba hakucheka pamoja na wengine. Alisema kwao Wahaya wanacho kileo hicho hicho na wanakiita olubisi.

Wiki chache baada ya somo hilo, dada yangu alifanyiwa kwanjula, sherehe ambayo upande wa bwana harusi hufika nyumbani kwa wazazi wa bibi harusi kujitambulisha rasmi. Siku hizi wageni huleta vitu vingi: kreti za soda, vikapu vya matunda, nyama, sukari, hata makochi. Lakini kuna kitu kimoja ambacho wazee hukitafuta kwa macho tangu wageni wanapoingia langoni, nacho ni kibuyu cha mwenge. Kibuyu kililetwa, mdomo wake umezibwa kwa jani la mgomba kama inavyotakiwa. Jjajja, yaani babu yangu mzaa baba, ambaye umri wake umepita miaka 80, alipewa heshima ya kuonja kwanza. Alimeza funda moja, akawashukuru wageni kwa adabu, akakiweka kibuyu chini taratibu. Hakukigusa tena.

Jioni, wageni walipokwisha kuondoka na vijana wanafungua mahema, nilikwenda kukaa karibu naye nikamuuliza kama amechoka. Alinijibu kwa ufupi, "Mwenge ule haujakanyagwa."

Wakwe zetu hawakuwa na hila yoyote. Waliagiza mwenge kwa mchuuzi mjini, wakaletewa dumu la lita 20, wakalipa pesa yao. Waliotutia aibu hawakuwepo pale uwanjani, na wengine walikufa zamani. Insha hii ni jaribio langu la kuwatafuta. Nataka kueleza jinsi kinywaji kilichokuwa na aina yake ya ndizi, chombo chake, mafundi wake na cheo chake katika jumba la mfalme kilivyofika mahali ambapo familia inayokihitaji kwa siku moja tu haiwezi kukipata.

Nianze na ndizi yenyewe. Mgeni anayepita katika mashamba ya Uganda huona migomba tu, lakini mkulima huona makundi. Kuna matooke ya kupika, kuna gonja ya kuchoma, kuna ndiizi ndogo tamu za kula zikiwa mbivu, na kuna mbidde. Kwa umbo mbidde ni ndugu wa matooke, na wataalamu wa ndizi wanaziweka zote katika jamii moja ya ndizi za nyanda za juu za Afrika Mashariki, jamii ambayo imestawi katika eneo la Maziwa Makuu hata ikazaa aina nyingi ambazo hazipatikani kwingine duniani. Tofauti iko kwenye ladha. Mbidde ina ukakasi mkali unaokaza ulimi, na huwezi kuila ikiwa imepikwa. Ukakasi huo huo ndio unaoupa mwenge ladha yake, kama maganda na mbegu za zabibu nyekundu zinavyoipa divai ukali wake.

Majina ya mbidde yanasimulia habari zake. Kuna Nsowe, Nalukira na Kabula. Kuna Namadhi, Nametsi na Enyamaizi. Nilipoyaandika majina haya matatu ya mwisho katika daftari langu niliona kitu ambacho mwanafunzi wa lugha hawezi kukikosa: Wasoga, Wamasaaba na Wanyankole, kila mmoja kwa lugha yake, wameiita ndizi hii kwa neno lao la maji. Kuna nyingine inaitwa Katalibwambuzi, yaani isiyoliwa na mbuzi. Nadhani hata asiyejua Kiganda atamtambua mbuzi ndani ya jina hilo, na atakisia kwa nini mnyama huyo, ambaye hula karibu kila kitu, aliikataa.

Sasa nieleze kazi ilivyofanyika, kama Jjajja alivyonieleza na kama nilivyoiona mara moja nikiwa mdogo. Mikungu ya mbidde hukatwa ikiwa imekomaa lakini bado kijani. Huchimbwa shimo, likapashwa moto, likatandikwa majani ya migomba, ndizi zikapangwa ndani na kufunikwa kwa majani mengine na udongo. Njia nyingine ni kuziweka juu ya uchanja jikoni ili zipate joto la moshi. Baada ya siku kama 5 huwa zimeiva zote kwa pamoja. Humenywa, kisha hutiwa katika mtumbwi wa mbao. Nasema mtumbwi kwa sababu Kiganda hutumia neno moja, eryato, kwa chombo cha kuvukia ziwa na kwa chombo cha kukamulia ndizi. Vyote viwili huchongwa kwa gogo moja.

Juu ya ndizi hutupwa nyasi ndefu zenye makali ziitwazo lusenke. Wanaume walionawa miguu vizuri huingia na kukanyaga. Mwanzoni ni kama kukanyaga tope. Kisha, ghafla, nyasi huanza kushika nyama ya ndizi na maji matamu ya rangi ya dhahabu huanza kujitenga. Jjajja anasema fundi hujua wakati huo kwa nyayo zake, hahitaji kutazama. Akikanyaga kidogo maji hayatoki, akizidisha yanakuwa mazito kama uji. Maji hayo kabla ya kuchacha huitwa omubisi, na hunywewa na watoto na watu wasiotumia vileo. Ili kupata mwenge, huongezwa maji kidogo na mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha mtumbwi hufunikwa kwa majani ya migomba usiku kucha au zaidi. Hakuna hamira inayonunuliwa, chachu hutoka katika ndizi, mtama na mbao za mtumbwi wenyewe, ambao hauoshwi mpaka ukaisha harufu.

Msomaji atakuwa ameona kwamba hiki si kileo cha nafaka. Mtama humo ni msaidizi tu. Msingi wake ni maji ya tunda yaliyoachwa yachache, na duniani kote kinywaji cha namna hiyo huitwa divai. Kwa nini basi hatujapata kukiita hivyo?

Hapa ndipo historia ya maneno inapoanza. Buganda ya karne ya 19 haikuwa na haya kuhusu mwenge wake. Katika jumba la Kabaka kulikuwa na mkuu wa jiko aliyeitwa Kawuuta na mkuu wa mwenge aliyeitwa Sseruti, na vyeo vyote viwili vilikuwa vya heshima. Mwenge ulitolewa kwa mizimu, ulinywewa kwenye mahari na wakati wa kumsimika mrithi wa marehemu. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka pwani walikuwa wamekwisha kufika Buganda tangu enzi za Kabaka Ssuuna II, katika miaka ya 1840, nao walikuja na lugha yetu hii. Kwa hiyo Mwingereza John Hanning Speke alipofika kwa Kabaka Muteesa I mwaka 1862, mazungumzo yake mengi yalipitia kwa wakalimani wa Kiswahili. Katika kitabu chake cha safari, kileo alichokuta huku bara anakiita pombe, neno la pwani, na mwenge wa Buganda nao ukaingia humo.

Neno pombe si baya. Lakini Kiswahili kilikuwa na maneno mengine. Mvinyo tulilipata kwa Wareno, na divai tukalipata kwa Wafaransa. Maneno haya mawili yalibaki kwa kinywaji cha zabibu kilichokuja na meli, na baadaye kwa kikombe cha misa. Pombe likawa kapu moja la kutupia vyote vilivyotengenezwa na Mwafrika: cha mtama, cha asali, cha minazi, cha ndizi. Waingereza walipotawala Uganda walilifuata kapu hilo hilo. Katika vitabu vyao mwenge ukawa bia ya wenyeji, ingawa bia hutengenezwa kwa nafaka. Kitu kikiwekwa katika kapu lisilo lake, sheria zinazokihusu nazo huwa si zake.

Ili nisionekane nalalamika tu, nitoe mfano wa mbali. Katika bahari ya Ugiriki kuna kisiwa kiitwacho Santorini, kilichoundwa na volkeno. Mvua yake ni haba na upepo wake mkali. Wakulima wa huko wana zabibu yao ya asili, Assyrtiko, ambayo huizungusha chini kwa chini mpaka mzabibu unakuwa kama kikapu, na matunda yanakaa ndani yake yakikingwa na upepo. Udongo wa majivu uliwaokoa na yule mdudu aliyeangamiza mizabibu mingi ya Ulaya katika karne ya 19. Zamani nao walikanyaga zabibu zao kwa miguu. Mwaka 1971 sheria ya Ugiriki ililinda jina la Santorini, na tangu hapo mtu hawezi kuliandika jina hilo kwenye chupa kama zabibu hazikutoka kisiwani humo. Tunda la asili, udongo wa volkeno, nyayo za watu, yote hayo tunayo hata sisi, maana udongo wa volkeno uko Elgon na Kisoro pia. Tofauti kubwa ni kwamba sheria yao ilikilinda kinywaji kwa jina lake.

Yetu ilifanya nini? Serikali ya kikoloni iliuona mwenge kwa macho mawili. Jicho la kwanza liliona ulevi na uvivu. Wamisionari wa Kianglikana waliofika mwaka 1877, na baadaye uamsho wa Balokole ulioenea kuanzia miaka ya 1930, waliwafundisha waumini kuacha kabisa. Waislamu walikuwa wamekwisha kukatazwa na dini yao. Jicho la pili liliona kodi: leseni za kuuza, saa za kufungua vilabu, faini kwa wasiokuwa na karatasi. Hakuna jicho la tatu lililotazama ubora, aina ya ndizi au mahali ilipoota.

Kisha kikaja kileo kingine, nacho ndicho kilichoumeza mwenge. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alileta Uganda askari wa Kisudani waliokuwa chini ya Emin Pasha. Wazao wao ni Wanubi wa Bombo, ambao wengi wao wanazungumza Kiswahili vizuri kuliko mimi. Inaaminika kwamba askari hao walikuja na ujuzi wa kuchemsha kileo na kuukusanya mvuke wake ukawa matone makali. Wapo wanaodai kwamba jina waragi lilitoka kwa Waingereza waliokiita gini ya vita. Mimi siwaamini, kwa sababu Kiswahili chenyewe kina neno araki, lililotoka Uarabuni, na njia kutoka araki hadi waragi ni fupi sana.

Mwaka 1919, huko Saint-Germain-en-Laye, Ufaransa, mataifa ya kikoloni yalitia sahihi mkataba uliopiga marufuku utengenezaji wa vileo vya namna hiyo katika sehemu kubwa ya Afrika. Marufuku haikuuzima moto, iliupeleka porini tu. Baada ya uhuru, Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 iliruhusu utoneshaji kwa leseni, kwa sharti kwamba mtengenezaji auze enguli yake kwa kiwanda kilichoidhinishwa ili isafishwe na kutiwa chupani. Hapo ndipo ilipozaliwa chapa ya Uganda Waragi. Chupa ilipata jina la nchi nzima, lakini mwanakijiji aliyepeleka dumu lake alikuwa amepeleka malighafi isiyo na jina. Wengi hawakupata leseni wala hawakuitafuta. Waliendelea porini.

Jjajja alikuwa mmoja wao, na hapa historia inaingia nyumbani kwetu karibu na Mityana. Katika miaka ya 1970, uchumi ulipoanguka chini ya Idi Amin na bidhaa zikawa za magendo, mkungu wa ndizi haukumlipia mtu karo ya shule. Mwenge nao hauvumilii safari. Baada ya siku tatu nne unageuka siki. Enguli haiharibiki, hubebeka kichwani au kwenye baiskeli, na ina mnunuzi kila mahali. Jjajja alinunua pipa na bomba la shaba. Kila mwenge alioukanyaga aliutia katika pipa na kuuchemsha. Baba yangu alisomeshwa kwa matone hayo, akawa mwalimu, naye akanisomesha mimi. Siwezi kuandika insha hii kana kwamba nimesimama nje yake. Kalamu hii imenunuliwa kwa mwenge uliochomwa.

Nilimuuliza Jjajja kama ladha ilikuwa na maana kwa enguli. Alicheka. "Mwanangu, moto hauulizi ndizi jina." Kwa maoni yangu sentensi hiyo ina maana kuliko sheria zote nilizozitaja. Mwenge unaokwenda kuchemshwa hauhitaji mbidde nzuri, wala nyayo za fundi, wala mtama uliokaangwa vizuri. Unahitaji sukari tu. Watu wakaanza kuongeza sukari guru, kisha molasi. Vijana hawakuona sababu ya kujifunza kukanyaga. Wahenga wa pwani walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwetu mgema hakusifiwa na mtu, bali alifukuzwa na askari wa chifu huku akidaiwa karo, na maji akayatia vile vile.

Wakati huo huo shamba lilikuwa linabadilika. Katika Buganda rutuba ilipungua, na fukusi wa migomba na minyoo wa mizizi wakawashinda wakulima. Kilimo cha matooke cha kibiashara kikahamia kusini magharibi, pande za Mbarara na Bushenyi. Mahali pa mbidde wengi walipanda kayinja, ndizi yenye asili ya Asia, isiyojali udongo mbaya wala ukame. Kayinja hutoa maji mengi na matamu kuliko mbidde, na haitaki matunzo. Lakini haina ule ukakasi. Mwenge wa kayinja ni kama mtu mchangamfu asiye na neno la kusema.

Halafu mwaka 2001, katika wilaya ya Mukono, mashariki mwa Kampala, uligunduliwa ugonjwa wa mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria. Ulikuwa ukijulikana Ethiopia kabla ya hapo. Majani hugeuka manjano na kulegea, na ndizi huiva kabla ya wakati huku ndani zikiwa zimeoza. Wadudu wanaofuata utamu wa lile ua jekundu linaloning'inia mwisho wa mkungu hubeba ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba. Kayinja ndiyo iliyoathirika kuliko zote, kwa sababu magamba ya ua lake hudondoka na kuacha vidonda vibichi ambamo bakteria huingia. Mabwana shamba walifundisha watu kulivunja ua hilo kwa kijiti chenye panda, wala si kwa panga, maana panga nalo hubeba ugonjwa. Aliyelima matooke kwa ajili ya chakula alifuata ushauri. Aliyekuwa na kayinja za kileo, zilizojiotea zenyewe kando ya shamba, mara nyingi hakujisumbua. Hivyo ile ndizi iliyochukua nafasi ya mbidde nayo ikafa, na katika vijiji vingi hakukubaki hii wala ile.

Kilichojaza pengo tunakijua. Mwaka 2010, huko Kabale, makumi ya watu walikufa baada ya kunywa waragi iliyochanganywa na methanoli. Mwaka 2019 serikali ilipiga marufuku waragi ya vifuko vya plastiki. Marufuku hiyo ilikuwa sahihi, nami naiunga mkono. Lakini naona kwamba kila mara tunapozungumza juu ya vileo vya kwetu tunazungumza juu ya mwisho wa njia, hatusemi njia ilianzia wapi.

Ili kuhakikisha, siku moja nilitembea kutoka Wandegeya hadi soko la Kalerwe nikitafuta mbidde. Nilipata matooke ya kila ukubwa, ndiizi, gonja, hata kayinja chache. Mama mmoja aliyeketi juu ya gunia aliniuliza nina kazi gani nayo. Nilipomweleza alisema, "Mbidde haiji mjini, mwanangu. Nani ataila?" Nilimshukuru. Ndizi hiyo ilikuja mjini ikiwa maji tu, na waliojua kuigeuza maji wanakwisha.

Je, haya yangeweza kuwa tofauti? Mifano ya karibu inaonyesha kwamba yanawezekana. Huko Arusha kampuni ya Banana Investments imekuwa ikitengeneza kileo cha ndizi na kukitia chupani kwa miaka mingi, na watu wanakinunua dukani bila haya. Wachaga bado wanaitengeneza mbege yao ya ndizi na ulezi, na hakuna harusi ya heshima Kilimanjaro isiyo nayo. Hapa kwetu, katika kituo cha utafiti cha Kawanda, nje kidogo ya Kampala kwenye barabara ya Bombo, wanasayansi wamekusanya na kuainisha aina za ndizi za nchi hii, mbidde zikiwemo. Kwa hiyo mimea haijapotea. Kilicho karibu kupotea ni ujuzi wa nyayo, na huo hauwezi kuhifadhiwa katika bustani ya utafiti.

Wapo watakaoniuliza kwa nini mwanafunzi apoteze karatasi kutetea ulevi. Sitetei ulevi. Nimeona ulichofanya katika ukoo wetu, na baba yangu, ambaye ni mlokole, hajapata kuonja tone tangu aokoke. Hata yeye, siku ya kwanjula, alihitaji kibuyu kile. Asingekunywa, lakini alihitaji kiwepo, na alihitaji baba yake akionje na kusema ni chema, ili binti yake aondoke nyumbani kwa heshima. Jjajja alimeza uongo mdogo kwa ajili yetu. Kwangu mimi hiyo ndiyo hasara iliyoletwa na historia hii yote: wakwe wema na mzee mwema walikutana, na kitu kilichopaswa kuwaunganisha kikawalazimisha kudanganyana kwa adabu.

Likizo ya Desemba nilikwenda Mityana na daftari. Nyuma ya nyumba ya Jjajja bado kuna mashina manne ya mbidde. Matatu anayaita Nsowe na moja Nalukira. Mtumbwi wake upo, lakini una ufa upande mmoja, na mbuzi wanalishwa humo. Nilimwomba anifundishe kukanyaga. Alinitazama miguu yangu kwa muda mrefu, akasema mikungu haijakomaa, nirudi Machi, na nije na mtu wa kuziba ufa. Mdogo wangu amekwisha kumpata fundi. Shangazi, ambaye kama ssenga ndiye msimamizi wa ndoa zetu, amesema kwamba tukifaulu, kibuyu cha kwanza kipelekwe kwa wakwe zetu, bila maelezo.